Kamera Kubwa Isiyoisha Picha

Mwenye studio mjini Kisii aliniwekea kamera mbili za kuazima juu ya meza. "Chukua hii ya mfukoni, rafiki. Inavuta filamu yenyewe. Ile kubwa ni ya zamani, inataka ujuzi."

Ujuzi! Mimi niliyezurura nchi nzima? Nikachukua kubwa, kwani ilifanana na ya mpiga picha aliyekuja shuleni kwetu zamani, tukamfuata kama nyuki. Filamu nikaiweka mwenyewe.

Kesho yake, kijijini kwetu Nyaramba, ukoo mzima ulinisubiri. Mpwa wangu Moraa alikuwa anakwenda kusoma ng'ambo, na picha hizo ndizo angesafiri nazo. Nikampiga picha Nyanya akiichekea kamera kando ya ng'ombe wake, nikapiga mashangazi kwenye michai. Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita, lakini nilipopita arobaini kamera bado ililia kacha! kacha!

"Ankoli, kwani haiishi?" Moraa akauliza.

"Ndiyo maana niliikataa ile ndogo!" nikajibu kwa majigambo, na watu wakapanga mstari upya.

Siku ya safari, mimi na Moraa tulipita studio ili picha zisafishwe kabla ya basi lake la jioni. Mwenye studio alizungusha kishikio cha kurudisha filamu, kikazunguka kirahisi mno, akasita, kisha akafungua mgongo wa kamera hapo hapo.

"Mwanga! Unaziharibu!" nikapiga kelele.

"Niharibu nini? Ncha ya filamu hukuinasa kwenye rola, rafiki. Haijasogea hata kidogo."

Moraa akanigeukia. "Ankoli, sasa Nyanya alikuwa akichekea nini?"