Waliposema Binti Yangu Amebeba

Nilikuwa nasema hakuna kitu chini ya jua kinachoweza kunishangaza. Nimeishia darasa la nne. Nimevusha mitumba kutoka Taveta nikiwa nimeivaa mwilini, mashati sita, moja juu ya lingine, kwenye jua la mpakani. Nimelala rumande. Nimefilisika mara mbili na mara mbili nimeinuka. Leo nina karakana ya mbao Moshi mjini, nina malori mawili, na nyumba yangu ya ghorofa Kibosho ukipanda barabara ya kwetu huwezi kuipita bila kugeuza shingo. Yote kwa mikono hii. Niliona nimeshajua kila kitu.

Nilikosea. Jina langu silitaji, maana nikilitaja nusu ya Moshi watanitambua, na nusu iliyobaki wataambiwa. Lakini kosa lenyewe nalisema lote, kwa sababu mke wangu amechoka kulisikia na padri nilimwambia nusu tu.

Manka ni mtoto wangu wa kwanza. Ndiye wa kwanza katika ukoo wetu wote kuingia chuo kikuu. Chuo chenyewe kilikuwa hapa hapa Moshi, angeweza kushuka asubuhi na kupanda jioni, lakini nikasema hapana. Msomi akae bwenini na wasomi wenzake. Siku ya kumpeleka nilishusha mwenyewe godoro, redio na ndoo mbili mpya, halafu nikasimama pale mlangoni muda mrefu ili wazazi wengine wanione.

Tena vitanda vya bweni lile nilitengeneza mimi. Vyote. Nilipata ile tenda nikiwa na mbao ambazo hazijakauka, na chuo kilikuwa kinafungua. Nikazipaka vanishi zikiwa mbichi. Zikang'aa vizuri sana.

Manka alipokuwa mwaka wa pili, matroni wa bweni alituma ujumbe kwamba kuna kitanda kimevunjika. Nikamtuma fundi wangu, Ombeni, kijana mtaratibu niliyekaa naye miaka mingi. Alirudi mchana, akaweka sanduku la vifaa chini, na chakula hakugusa.

"Mzee, naomba tuongee pembeni."

"Ongea hapa hapa. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kitanda kilichovunjika ni cha Manka."

"Si umekitengeneza?"

"Nimekitengeneza. Ila niliwauliza wale mabinti kimevunjikaje, wakacheka. Mmoja akaniambia, fundi, kitaachaje kuvunjika na Manka amebeba?"

"Amebeba nini?"

Ombeni akatazama viatu vyake. "Mzee, binti akisemwa amebeba, mimi naelewa kitu kimoja. Labda wewe una kingine."

Sikuwa na kingine. Niliwaza: amebeba, na kitanda kimevunjika. Basi kitandani kulikuwa na mwanaume. Hesabu ilikaa sawasawa kichwani mwangu, kama mbao mbili zilizopimwa kwa kamba moja.

Nyumbani nikamwambia mama yake. Alikuwa anamenya ndizi za mtori, hata kisu hakukisimamisha.

"Baba Manka, kamuulize kwanza. Uliza. Usiende kusema."

"Mimi sikujenga nyumba hii kwa kuuliza."

"Ndiyo maana choo kiko mbele," akasema.

Sikucheka. Kesho yake, Jumamosi mchana, nikawasha pikapu nikashuka.

Kama hujawahi kufika kwenye bweni la wasichana siku ya Jumamosi, ujue hakuna aliyeko ndani. Wote wako uani. Wengine wanafua, wengine wanasukana, mmoja anapasha pasi ya mkaa. Mlinzi alinijua kama mwenye vitanda, akanifungulia. Nikasimama katikati ya ua nikasema wamwite Manka.

Akaja mbio na mikono yenye povu, kitenge kiunoni, anatabasamu. "Shikamoo baba."

Sikumwitikia. Ninyi mnajua kwetu maana ya kutoitikia shikamoo ya mtoto wako mbele za watu.

"Mimba ni ya nani?" nikamuuliza.

Ndoo ilijaa bombani, ikamwagika, hakuna aliyefunga.

"Mimba gani, baba?"

"Hiyo uliyobeba. Mpaka kitanda kikavunjika."

Kwanza alicheka mmoja, yule wa pasi. Kisha wakacheka wote. Manka naye akacheka, nadhani kwa kupata nafuu. Leo naelewa ilikuwa nafuu. Siku ile nilichoona ni mwanangu ananicheka.

"Baba jamani, nimebeba mtu! Nimembeba Rehema. Hakupata kitanda, analala na mimi. Hapa chuoni ndivyo tunavyosema. Mwenye kitanda anabeba, asiye nacho anabebwa."

Na huyo Rehema akatoka nyuma ya kamba ya nguo. Msichana mwembamba, daftari mkononi. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba. Aliyebebwa ni mimi."

Wakanieleza palepale. Rehema alitoka Kondoa, mama yake mjane, mkulima. Ilikuwa imeshaanza ile habari ya kila mzazi kuchangia gharama, na mama yake alichangia mpaka akaishiwa. Kwenye orodha ya vyumba jina la Rehema halikutoka. Tangu mwaka wa kwanza walilala kitanda kimoja mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na sahani ya chakula waligawana. Matroni alijua. Kila chumba kilikuwa na aliyebebwa, na yeye kazi yake ilikuwa kutoona.

Hapo ndipo mahali nilipopaswa kucheka. Nasema kweli. Ningecheka tu na mimi, nikampa yule binti pesa ya sabuni, nikaenda zangu. Leo ingekuwa hadithi ya kusimulia kwenye pombe ya mbege.

Lakini wale wasichana hawakunyamaza. Nyuma yangu mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, "Mimba ya kuvunja kitanda, shoga, hiyo ni ya tembo." Na hapo matroni akatoka ofisini, mama mnene, mpole, anajifuta mikono.

"Karibu, Baba Manka. Umekuja kukiona kitanda chako? Fundi wako anasema ule mfumbati wa ubavuni ulikuwa mbao mbichi."

Mbele ya watu wote. Mimi, mwenye karakana.

Nikapandisha sauti. "Kitanda changu hakina kosa! Nilitengeneza kitanda cha mtu mmoja. Humu mnalaza wawili, na mmoja hajalipa hata senti. Unajua au hujui? Kama hujui, nakuambia. Kama unajua, Jumatatu namwambia mkuu wa chuo."

"Baba Manka, hilo tukaliongee ofisini."

"Tuliongee hapa hapa."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayeangalia maziwa yakimwagika. "Basi umeshalisema mbele ya watu," akasema. "Siwezi tena kujifanya sikusikia."

Nilijua kwa nini mfumbati ule ulivunjika. Nilijua kuliko mtu yeyote uani pale.

Saa kumi jioni Rehema alikuwa nje ya geti na begi moja la nailoni, lile la shangazi kaja. Zilibaki wiki mbili mtihani uanze. Manka alinifuata mpaka kwenye pikapu, akashika dirisha.

"Baba, mwambie matroni umekosea. Sema tu ulikuwa na hasira. Neno moja, baba. Atamrudisha."

"Mimi siombi radhi kwa watoto."

"Usiniombe mimi. Muombe matroni."

Nikawasha gari. Akaachia dirisha. Njiani nikasimama kwa rafiki yangu mwenye bucha, nikamsimulia nilivyowanyoosha, tukacheka sana.

Rehema alipata pa kulala mtaa wa Pasua, kwenye chumba cha mama muuza uji, chini, na watoto wanne wa yule mama. Mtihani alifanya. Masomo mawili yakamwangusha, na ya kuyarudia hakuwa na nauli wala ada. Akapanda basi akarudi Kondoa. Haya yote niliyasikia kwa mke wangu. Mimi Manka alikuwa ananisalimia tu. Shikamoo baba. Marahaba. Basi, mpaka likizo inaisha.

Siku ya mahafali nilichinja ng'ombe. Nilialika ukoo mzima, mbege mapipa, na turubai nilikodi la kutosha harusi mbili. Manka alivaa joho, akapiga picha moja na mama yake getini kwa chuo, akamvua mama yake kilemba akamvisha ile kofia, wakacheka. Kisha akapanda gari la Mwanza. Alishapata kazi huko, hakuwa ameniambia. Wageni wangu walikula ng'ombe bila msomi.

Anayetujua sisi wa mlimani anajua Krismasi ni nini. Hata aliyeko Kongo anarudi. Magari ya Dar yanapandana barabarani, kila kihamba, shamba la nyumbani, kina moshi wa nyama, na asiyeonekana anaulizwa kwa jina kama amekufa au amefungwa. Manka hakuja mwaka wa kwanza. Wa pili hakuja. Wazee wakaniuliza kwa heshima ya kwetu, "Meku, mzee mwenzetu, msomi wetu yuko wapi?" Nikajibu ana kazi nyingi. Mwaka wa nne hawakuuliza tena, na hilo liliniuma zaidi.

Nikachukua simu ya mama yake nikampigia mwenyewe.

"Manka, ni baba."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Krismasi hii njoo nyumbani. Nitakutumia nauli ya ndege."

"Siku atakayorudi Rehema darasani, baba, mimi siku hiyohiyo napanda basi."

Hakusema kwa ukali. Ningepata nafuu kama angesema kwa ukali.

Nikafurahi hata hivyo! Maana hilo niliona ni jambo la pesa, na pesa ninayo. Nikatia kwenye bahasha ada ya miaka yote iliyobaki, chumba chake mwenyewe, chakula, vitabu. Nikaendesha mwenyewe, Arusha, Babati, na kutoka Babati ile barabara mnaijua, nikaingia Kondoa kichwa chekundu kwa vumbi. Nikauliza, nikaonyeshwa stendi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na beseni la karanga za kukaanga, mtoto mgongoni, mwingine pembeni anachora mchangani.

Yeye ndiye aliyenitambua kwanza. "Shikamoo baba. Manka hajambo?"

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Arusha. Nikayasema yote nimesimama. Kwamba nimekuja kumrudisha chuoni, gharama zote juu yangu, aniambie tu lini nimfuate. Alinisikiliza kwa adabu, huku anampimia mteja.

"Chuo gani, baba?"

"Kilekile."

"Nafasi yangu walishaifuta. Nilipofika nyumbani nimefeli, nikaolewa. Wenzangu sasa hivi ni mameneja." Akamvuta mtoto akae vizuri mgongoni. "Hata daftari sina. Nilipoanza hii biashara ndizo nilizofungia karanga. Ziliniishia mwaka juzi."

Nikamnyooshea bahasha. Akaweka mikono nyuma.

"Mume wangu ataniuliza hela hii yote amenipa mwanaume gani. Nitamjibuje?"

Nikamwomba basi ampigie Manka, amwambie amenisamehe.

"Mimi sina hasira na wewe, baba. Nimemwandikia Manka zaidi ya mara tatu kumwambia. Hataki kusikia."

Nikaelewa kwamba hakuna kitu kingine cha kununua.

Ninyi akina baba wenzangu, hasa mliojijenga wenyewe kama mimi, mtasema mtoto atapoa tu. Mimi nilisema hivyo miaka minne. Nawaambia, ukishagundua umekosea na watu wanakutazama, aibika palepale, cheka, omba radhi hata kwa mwenye pasi ya mkaa, panda gari lako. Aibu ile ingekuwa ya dakika tano. Usitafute mnyonge wa kukubebea.

Pale stendi niliona vibaya kuendelea kusimama kwenye biashara ya mtu bila kununua. Nikamwambia Rehema anipimie karanga, vikopo viwili. Akanifungia kwenye gazeti. Nikampa noti ya elfu kumi, nikamwambia chenji ni ya watoto. Akamwachia jirani beseni, akaenda na mtoto mgongoni mpaka duka la tatu kutafuta chenji, akarudi, akanihesabia mkononi elfu tisa na mia nane, taratibu, kwa sauti, nisiseme baadaye kwamba amenipunja. Katika yote niliyomharibia, alichokubali kuchukua kutoka kwangu ni shilingi mia mbili.