Kompyuta ya Bing-tsan Ilipokataa Kuwaka

Kho Bing-tsan aliendesha winchi katika bandari ya Keelung kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuangusha mzigo hata mmoja. Lakini watu wa mtaa wao wa ngazi, nyuma ya stesheni, hawakumsifia hilo. Walimsifia kompyuta. Alipokuwa na miaka arobaini na tisa alinunua madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, iliyokwisha kutumika, akaitandikia gazeti juu ya meza ya kulia, akahangaika nayo wiki tatu mpaka ikawaka. Tangu hapo mkono wake uliingia kila nyumba. Kinyozi, mwuza tambi, hata hekalu la chini ya ngazi, wote walitumia mashine alizozifunga yeye. Mtu akimpigia simu kwa hofu, "Kaka Bing-tsan, imekufa," yeye humjibu, "Haijafa, imenuna tu. Nakuja."

Mkewe, Ng Siok-hun, alishona sare za shule hapo hapo nyumbani. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wawili, cherehani upande huu na kompyuta upande ule, na kwa miaka mingi hilo liliwatosha.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, mvua ikiwa ya siku ya kumi na moja mfululizo, kompyuta ya Bing-tsan mwenyewe iligoma. Feni zilizunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi tii.

"Unyevu," alisema. Keelung kila mtu husingizia unyevu, na mara nyingi huwa kweli.

Akalilaza sanduku ubavu, akafungua skrubu, akachomoa vijiti viwili vya RAM, kumbukumbu ya mashine, na kuvisugua meno kwa kifutio cha penseli, kama alivyofanya mara zisizo na hesabu. Siok-hun akarudi kwenye cherehani yake. Alipoinuka kupasha uji wa viazi vitamu alikuta meza imejaa. Mumewe alikuwa ametoa kila kitu: feni, diski, waya zote.

"Unatafuta nini, mzee?"

"Tatizo."

"Njoo ule kwanza."

"Nani ameshika waya zangu?"

"Nani wa kuzishika? Tuko wawili humu."

"Basi ni wewe."

Siok-hun alisimama na mwiko mkononi. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa hakuwahi kuambiwa neno la namna hiyo. Alijiambia ni uchovu. Alikuwa amekwisha kujiambia mengi mwaka ule. Mumewe aliponunua chupa tatu za mchuzi wa soya siku moja, alijiambia ni kwa sababu bei ilishuka. Alipomkuta amesimama chini ya ngazi, mwavuli umekunjwa, anavuja maji, alijiambia ni uzee, nani hazeeki.

Kazi ile ilikwenda siku tatu. Bing-tsan alikuwa akiunganisha, anawasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi, anafungua tena. Siku ya nne hakunyoa ndevu. Siok-hun akaingia chumbani, akafunga mlango, akampigia simu Tiunn Ka-hok, ambaye zamani alikuwa fundi umeme pale bandarini. Bing-tsan ndiye aliyemfundisha kompyuta, na sasa Tiunn alikuwa na duka lake Taipei.

Tiunn alipanda treni mchana ule ule. Alifika na mikate ya mvuke, akavua viatu, akainama juu ya lile sanduku, na hapo hapo akaona. Waya wa pini nane, ule unaopeleka umeme kwenye prosesa, ubongo wa mashine, ulikuwa unaning'inia. Bila huo feni huzunguka na skrini haionyeshi kitu. Ni kosa la mwanafunzi. Tiunn mwenyewe alilifanya mara moja tu, na Bing-tsan alimpiga vifundo vya vidole kwa mpini wa bisibisi, akamwambia, "Ukisahau huu tena, nenda ukauze samaki."

Tiunn alimtazama Siok-hun. Siok-hun akatazama sakafu.

"Kaka," Tiunn alisema, akavuta kiti, "na mimi kichwa kimeanza kuzeeka. Hebu nikumbushe. Mashine ikigoma, tunaanzia wapi?"

Bing-tsan akanyooka. "Swali gani hilo, wewe mwenye duka? Toa kila kitu. Bakiza madabodi, prosesa, kijiti kimoja cha RAM, na umeme. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja. Kile utakachorudisha ikazima, ndicho mwizi wako."

Maneno yalitoka bila kukwama. Siok-hun alipumua.

"Na umeme kwenye madabodi unaingia kwa waya ngapi?"

"Mbili. Mkubwa, na..."

Aliangalia ubao, akaangalia ule waya karibu na kifundo cha mkono wake. Aliushika, akaugeuza huku na huku, kama mtu aliyesalimiwa njiani na uso anaoufahamu akakosa jina.

"Na mdogo," alisema mwishowe. "Ndio huu. Lakini nyumba yake iko wapi, Ka-hok?"

Tiunn aliushika mkono wa kaka yake, waya ukiwa humo humo, akausogeza mpaka kona ya juu ya ubao, wakasukuma pamoja mpaka ukalia *ta*. Kisha akabonyeza swichi, na skrini ikawaka.

Hakuna aliyefurahi. Mashine ilikuwa inauliza neno la siri.

Bing-tsan aliandika. Ikakataa. Akaandika jingine, na jingine, kwa kidole kimoja, taratibu. Halafu akainuka, akaenda jikoni kunawa mikono, na maji yakasikika yakitiririka muda mrefu.

"Shemeji," Tiunn alinong'ona, "diski hii naweza kuisoma kwa mashine yangu. Kuna nini humo?"

"Picha, labda. Ni vitu vyake, mimi sigusi."

"Nikunakilie?"

Siok-hun alisikiliza yale maji ya jikoni. "Nakili," akasema. Tiunn akaichomoa diski, akarudi nayo Taipei.

Baada ya siku mbili flashi ilifika kwa posta, na Tiunn akapiga simu. "Picha zipo zote. Ila kuna folda moja ya maandishi. Nimeona mstari wa kwanza, nikafunga. Kuisoma au kutoisoma ni juu yako."

Siok-hun alishuka kwa kinyozi, akaomba kutumia kompyuta ya chumba cha nyuma. Mistari ilikuwa mifupi, kila mmoja na tarehe yake.

*14 Septemba. Nimeshuka kununua vitunguu. Nimefika chini, sijui nimefuata nini. Nimemwambia Siok-hun duka limefungwa.*

*2 Desemba. Ka-hok amekuja kunisalimu. Jina lake limenipotea mpaka chai ikaisha. Nikawa namwita "bwana mkubwa." Alidhani natania, akacheka sana.*

*9 Mei. Siok-hun anauliza kwa nini sitengenezi tena mashine za watu. Nimesema macho. Si macho.*

*30 Oktoba. Asijue kwanza. Akijua ataanza kuniangalia kama mtu anavyoangalia sufuria ya uji isije ikafurika.*

Alisoma mpaka mwisho. Kinyozi aliingia kuchukua taulo, akamwona, akatoka bila kulichukua.

Wiki iliyofuata walikwenda hospitali. Daktari alikuwa msichana mpole, mwenye kalamu nyuma ya sikio.

"Hali hii ilianza lini, shangazi? Kisia tu."

"Tarehe kumi na nne Septemba, mwaka juzi."

Daktari akainua uso. Bing-tsan naye akageuka, polepole, akamtazama mkewe.

"Umesoma," alisema.

"Nimesoma."

"Yote?"

"Yote." Siok-hun akamgeukia. "Ungeniambia, Bing-tsan."

"Ningekuambia nini? Siku zile ulikuwa unacheka."

Daktari aliweka kalamu mezani, akasubiri.

Bing-tsan aliishi miaka sita baada ya siku ile. Kompyuta ilibaki mezani bila kifuniko, na asubuhi zake nyingi alizimaliza akifungua skrubu na kuzifunga, mpaka bisibisi nayo ikawa kitu kigeni mkononi mwake. Tiunn alikuja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kila alipoingia alijitaja jina mlangoni, ili asiulizwe. Mwaka wa tatu Bing-tsan alianza kumwita mkewe "dada." Mwanzoni Siok-hun alimsahihisha, mara mbili tatu kwa siku, na kila mara mzee alishtuka na kuomba radhi kama mgeni aliyekaa kiti cha mwenyewe. Kisha akaacha kumsahihisha. Alipoitwa dada, aliitika.