Mayai ya Trauti Kihambani

Kule kwetu Mwika, sijui mtu mwingine aliyewahi kuwapenda samaki isipokuwa baba yangu. Wazee wetu hawakula samaki, waliwaona ni ndugu wa nyoka, na mpaka leo ukikaanga dagaa nyumbani kwa shangazi yangu, atafungua madirisha yote. Lakini baba alipokuwa kijana aliajiriwa kulinda mto wenye trauti, samaki wa maji baridi walioletwa na wageni zamani. Wageni wakaondoka, kazi ikaisha, yeye akaendelea kulinda. Kila Julai, ukungu unaposhinda mlimani kutwa nzima, alipanda mtoni kutazama kama jike limechimba changarawe na kutaga.

Mwaka huu nyonga ilimgomea. Mwaka jana aliona jike moja tu, na tangu hapo hakuwa na raha. Alitaka kujua jambo moja: limetaga tena, au ndiyo basi? Akanituma mimi, mwanawe wa mjini, ninayepanda kutoka Moshi kila Jumamosi.

"Usihangaike kutafuta samaki," aliniambia. "Tafuta changarawe iliyotakata. Jike huipiga kwa mkia mpaka utelezi wote unatoka. Ukiiona, simama hapo hapo, usikanyage."

"Sawa baba," nikajibu, huku nikichezea simu. Nilifika nusu ya njia, viatu vikalowa, nikakaa juu ya jiwe kama dakika ishirini, nikarudi. Nikamwambia jike bado halijataga. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo nilivyofanya.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa asili unaochepusha maji ya mto na kuyapeleka vihambani, kwenye migomba na kahawa. Mto ulikuwa umepungua mno, maji hayakupanda tena kuingia mferejini, kwa hiyo ilibidi tuliinue banio lililoziba mto. Kila nyumba hutoa mwanamume mmoja, na nyumba isiyotoa mtu hukosa zamu ya maji. Nikaenda badala ya baba. Kusema kweli, nilitaka waone kwamba hata mtu wa mjini ana mgongo.

Wazoefu walipanga mawe makubwa na vigogo vya migomba, sisi wengine tukaambiwa tujaze matundu kwa changarawe. Karibu yote ilikuwa na utelezi, inaponyoka mikononi. Ndipo nikaona, hatua chache juu ya banio, changarawe safi kama vyombo vilivyooshwa.

"Huku kuna nzuri!" nikawaita wenzangu, tena kwa majivuno. Tukachota karai baada ya karai. Mwenyekiti wa mfongo akanipiga begani. "Aika, mbe," akanishukuru. "Kumbe kazi hujaisahau." Nikavimba kichwa.

Kufika saa saba mchana banio likashika. Maji yote yakageukia mfongoni, na chini ya banio mto ukabaki vidimbwi. Watu walishangilia, nami nikashangilia. Maharage yalikuwa yanakauka, ng'ombe wa mama walikuwa wananyweshwa kwa ndoo. Hata sasa sijui ningemwambia nani aache.

Zamu ya kwanza ilikuwa yetu. Nilimkuta baba amekaa kitini katikati ya kihamba, jembe mapajani, anatazama maji yakiingia kwenye migomba.

"Shikamoo baba."

Alifungua kiganja. Ndani mlikuwa na vipunje vinne vya rangi ya chungwa, vidogo kuliko njegere.

"Changarawe mmeitoa wapi?"

Nikasema, juu ya banio, tena mimi ndiye niliyewaonyesha. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Aliniagiza kikombe chenye maji, tukapekua matope na majani makavu pamoja, yeye akiwa amepiga magoti na nyonga yake ile mbovu. Tukapata mayai kumi na mawili.

"Yapeleke," alisema. "Yafukie kwenye changarawe, mahali maji yanapotembea. Kimbia."

Nikakimbia. Juu ya banio maji yalikuwa yametuama, machafu, na pale tulipochota tulikuwa tumekomba hadi udongo. Chini ya banio changarawe ilikuwepo tele, imekauka juani. Ile safi ilikuwa ndani ya banio, imezibwa kwa udongo tulioushindilia wenyewe. Nikachomoa jiwe moja. Maji yakaanza kupenya, na nikawaza nyumba zote zile zinazongoja zamu. Nikalirudisha jiwe, nikalikandamiza kwa kisigino. Kisha nikamimina kikombe kwenye maji yaliyotuama. Mayai yalizama kwenye tope, nikakaa ukingoni nalia, mtu mzima mwenye watoto wawili.

Niliporudi, maji yalikuwa yamekifikia kiti cha baba, naye amekaa tena, jembe mapajani.

"Umeyaweka wapi?"

"Nimeyarudisha mtoni, baba."

"Mto upi?"

Zamu yetu ilikuwa haijaisha, kwa hiyo nikachukua jembe mapajani pake, nikafungulia maji yaende kwenye migomba ya mwisho.