Mizani niliyomtengenezea binti yetu

Admin, ficha jina langu, mke wangu anafuata ukurasa huu. Niko mwanaume wa miaka 34, fundi wa radio na simu hapa Kisangani.

Mwaka huu mke wangu alijifungua kabla ya wakati. Binti yetu wa kwanza, kilo moja na gramu mia nane. Walipoturuhusu kutoka wodi ya maternité, muuguzi alisema, "Mumulete kila wiki tumupime." Kungoja wiki nzima niliona ni mbali. Nikaamua kutengeneza mizani yangu nyumbani. Nilitoa kile chuma cha kupimia kwenye mizani ya jikoni iliyoharibika, nikakiunganisha na kioo kidogo cha namba na betri, maana courant ya umeme kwetu inakatika ovyo. Nilijaribu kwa maji niliyopima kwa bomba la sindano, mililita kumi ni gramu kumi, siku tatu, mpaka namba zikatulia. Juu nikafunga beseni. Mke wangu alicheka, akaniita "ingénieur".

Kila asubuhi tulimpima. Gramu kumi na tano, ishirini, nikiandika kwa chaki mlangoni. Wiki ya tano zikaongezeka themanini kwa siku moja! Nikapigia ndugu wote simu. Mke wangu hakufurahi.

"Papa, mutoto hanyonye muzuri. Angalia miguu, imevimba. Twende hospitali."

"Anaongeza, mama! Mizani haidanganye. Tungoje rendez-vous ya kumupima."

"Mimi niko mama yake. Naona."

Nikakataa. Siku mbili nzima nilikataa. Siku ya tatu tulikimbia naye hospitali kwa pikipiki, anahema kwa shida. Daktari alibonyeza kamguu kake, kidole kikaacha shimo. "Hii si nyama, papa. Ni maji. Moyo umechoka." Saa tisa mchana alifariki mikononi mwa mama yake.

Mizani haikukosea hata gramu moja. Mimi ndiye sikumsikiliza mke wangu.

Baada ya matanga alirudi kwao Isangi. Hakunitukana, na hilo ndilo linaniua. Juzi alipokea simu yangu, akasema, "Sikuchukie. Lakini nikisikia sauti yako, nasikia 'tungoje'." Akakata.

Jumamosi kuna boti ya Isangi. Wakubwa wa familia wanasema nisiende, nimwache kwanza alie. Mimi naogopa akizoea kulia bila mimi, hatarudi tena. Ndugu zangu, hasa nyinyi akina mama mliofiwa na mtoto: nipande boti ile, au nibaki? Na nikifika mlangoni kwao, nianze na neno gani?