Mshipa Uliobanwa Mbele ya Mama Mkwe

Siku mama mkwe alipokuja Salale kututembelea, nilitaka anione mwanamume. Boti ilipogusa tope nikadaka gunia lake la mchele, nikageuka nalo kabla sijasimama vizuri. Kiuno kikalia, ka! Gunia likaenda majini, mimi nikabaki nimeinama, mikono magotini.

"Shikamoo, mama," nikasema nikitazama tope.

"Marahaba, baba. Inuka basi, heshima yako nimeiona."

"Siwezi, mama."

Mke wangu, aliyekuwa akiuopoa mchele, akaangua kicheko. Mama yake akafuata. Nami nikacheka, na kila kicheko kikanichoma kama moto, kuanzia takoni mpaka kisiginoni.

Siku tatu sikuweza hata kuvaa suruali peke yangu. Ya nne tukavuka, tukaenda hospitali Kibiti. Daktari, binti wa umri wa mdogo wangu, akanilaza chali akaninyanyua mguu. Nikapiga ukelele. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mguu wako mzima," akasema. "Kati ya pingili za mgongo kuna diski, kama vijimto, katikati laini. Kimoja kimetokeza, kinabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni."

"Mtakirudisha kwa kisu?"

"Wengi hupona bila kisu, baada ya wiki kadhaa. Meza dawa, tembea kidogo kidogo, usilale kutwa. Ila ukishindwa kujizuia haja, mguu ukiisha nguvu au ukifa ganzi mapajani kwa ndani, kimbia hapa siku hiyohiyo."

"Nitakimbiaje, daktari?"

Alicheka mpaka akavua miwani.

Mama mkwe, aliyekuja kukaa siku tano, akaahirisha safari ya kurudi. Kila asubuhi alinitanguliza kwenye tuta la mashamba ya mpunga, yeye nyuma akipiga makofi: "Tembea, baba, tembea!" Nilikwenda kama bata, na watu wakaacha majembe kututazama. Niliona haya siku mbili tu. Ya tatu nikaanza kuwapungia mkono.

Wiki ya sita, nikitia udhu wa adhuhuri, nikashtuka: mguu wa kushoto nilikuwa nauosha mwenyewe, bila mke wangu kunimiminia maji. Sikusikia maumivu.

"Nimeosha mguu!" nikapiga kelele.

Mama mkwe akatoka mbio, akapiga vigelegele. Jirani akaja uani, anauliza mtoto wa kike au wa kiume. Tulishindwa kumjibu kwa kucheka.