Kidole Chini ya Mstari

Zamani Deira, huku Uarabuni, mtu aliajiriwa kwa neno na kikombe cha kahawa. Siku hizi hakuna tajiri anayethubutu kuajiri wala kufukuza kabla ya kupitia kwa karani wa duka la kuchapa hati za kazi. Mzee Ubeid, aliyejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia samaki, alizichukia karatasi, lakini kila asubuhi aliketi kwenye benchi la duka lile kumtazama karani huyo. Karani alikuwa Mkenya wa bara, mwenye sauti ya chini. Kila karatasi aliigonga kingo mezani mara mbili, kisha akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, hata wateja wakimharakisha kwa kelele, "Yalla, madam!"

Siku moja Awadh, mwenye gereji Ras Al Khor, alitaka aandikiwe kwamba fundi wake ametoroka kazini. Taarifa hiyo ikishapelekwa serikalini, fundi hakanyagi tena nchi hii. Karani alifungua kabati, akatoa nakala ya ruhusa ya fundi huyo ya kwenda kwao kumzika mama.

"Sahihi hii ya nani, bosi?"

"Yangu. Lakini nasikia anatafuta kazi kwa jirani. Andika tu!"

"Yuko likizo uliyompa mwenyewe. Nikiandika uongo huu, sheria itaanza na wewe."

Awadh aliketi. Mzee Ubeid alisogea mbele kwenye benchi. Hakuwahi kuona tajiri akikalishwa kwa sauti ndogo hivyo.

Mara ya mwisho Mzee Ubeid alipomwona karani, fundi alikuwa amerudi na mkataba mpya uko mezani. Awadh alikwisha kutoa kalamu.

"Ngoja kwanza, bosi," karani alisema, akaugeuza mkataba upande wa fundi, akaanza kumsomea, kidole kikifuata mstari.