Mashine Iliyopofuka na Msalaba wa Mama Mkwe

Kazi yangu ni kutengeneza printa na mashine za fotokopi hapa Songea mjini, na zile zinazonifia mikononi huwa sizitupi. Kutokana na maiti hizo nilijiundia, nyumbani Msamala, mashine ya kuchonga maandishi kwenye mbao. Ilinichukua miaka miwili na ugomvi mwingi. Mke wangu alikuwa akiwaambia wageni, "Mashine ya baba watoto inajua kila kitu, isipokuwa kumaliza kazi."

Alikuwa na haki. Mwanzoni mota zake zilitii amri tu. Ukiziambia ziende sentimita kumi zinakwenda; zikikwama njiani hazijui, na herufi zinapandana. Ndipo nikafunga mota za servo. Hizi kompyuta inazituma, halafu inauliza zimefika wapi. Anayejibu ni jicho dogo linalosoma utepe wa plastiki wenye mistari myembamba kuliko unywele, utepe niliouchomoa kwenye printa mbovu. Zikipungukiwa zinasogezwa, zikizidisha zinarudishwa. Herufi zikaanza kutoka safi, nami nikaanza majivuno.

Majivuno hayo ndiyo yaliyonifungua mdomo kwenye msiba wa mama mkwe. Mbele ya ukoo mzima, kule Matogoro, nilisema kuwa siku ya kuweka msalaba jina lake litakuwa limeandikwa na mashine yangu, na hakuna fundi mjini atakayenifikia. Baba mkwe alinishika mkono tu, akaushikilia muda mrefu. Ubao wa msalaba, mninga mtupu, aliuranda mwenyewe.

Alikuja nao kwetu siku mbili kabla ya misa ya kuweka msalaba. Ijumaa asubuhi nilikwenda kazini, nikiwa nimepanga kuchonga mchana. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kigoda kando ya mashine, kitambaa mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusafishia mtambo wako. Ulikuwa na vumbi, nikaona si vizuri jina la mama yenu liandikwe na kitu kichafu."

Nikashukuru, nikawasha. Kichwa cha mashine kikaondoka mbio hadi mwisho wa reli, kikagonga chuma, kikaendelea kusukuma huku mota ikilia. Nikakata umeme. Bahati nzuri ncha ya kukatia ilikuwa bado juu, haijagusa ubao. Niliinama kutazama utepe, nikaukuta mweupe kabisa. Mzee alikuwa ameufuta kwa petroli na mistari yote imetoka. Jicho halikuona mwendo wowote, kwa hiyo kompyuta iliamini mota imesimama, ikazidi kuisukuma.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Angekuwa mtu mwingine, majirani wangetoka nje. Lakini baba mkwe hafokewi. Nilitoka uani, nikanawa uso, nikakaa. Nilikuwa na hasira, na aibu ilikuwa kubwa kuliko hasira, maana misa ilikuwa kesho saa nne na utepe mwingine sikuwa nao.

Mke wangu akanifuata. "Si uizungushe kwa mkono?"

"Nitaonaje? Ukiizungusha kwa mipini, boriti ya juu ya mashine inaficha ncha."

"Baba ataona."

Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza. Akaandika jina na tarehe kwenye ubao kwa penseli, kwa mwandiko wake wa shuleni. Nikafungua mota za mwendo, nikafunga mipini miwili ya kuzungusha, ikabaki na umeme ile ya kukatia tu. Baba mkwe akavaa miwani, akainama karibu na ncha.

"Bado," akasema. Nikazungusha. "Bado. Bado kidogo. Basi."

Tulikwenda hivyo hadi jioni, mstari kwa mstari. Herufi za mviringo zilitoka na pembe. "Mwenyewe alikuwa akiliandika jina lake vibaya kuliko hivi," mzee akasema, akacheka peke yake. Akisema basi, ni basi kweli. Hakukosea hata mara moja. Hasira ilinitoka sijui saa ngapi.

Tukafika mwaka wa kufariki. Namba ya mwisho ilikuwa nne, na kilichobaki ni mguu wake. Kufikia hapo nilishajua kwamba mguu wa namba ni mizunguko kumi na miwili. Nikaihesabu, ikatimia, nikasubiri neno lake.

"Bado," akasema.

Nikazungusha.

"Bado." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Bado, mwanangu."

Nilijua mstari wa penseli umeisha. Niliendelea kuzungusha taratibu, hadi alipovua miwani na kujifuta macho, ndipo nikasimamisha mwenyewe.

Kesho yake makaburini, padre alipomaliza kunyunyiza maji ya baraka, shemeji yangu mmoja aliinama kusoma, akacheka chini chini.

"Shemeji, mbona hii nne ina mkia? Si tuliambiwa mashine haikosei?"

Watu wakanigeukia. Baba mkwe akatazama chini.

"Haikukosea," nikasema. "Nimekosea mimi."